Mafuta ya Injini: Je, Ghali Ndiyo Bora?

Somo kwa kamati na wanachama wa vyama vya msingi

UTANGULIZI

Katumba, mkoani Katavi, ilianzishwa mwaka 1973 iwe makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972. Msitu wa miombo ulifyekwa, mashamba yakalimwa, na wakazi wengi baadaye wakapata uraia wa Tanzania. Mkulima wa huko hutegemea mahindi, maharage, muhogo na tumbaku. Lakini mahindi hayawi ugali mpaka yasagwe, na pale ambapo mashine ya kusaga inaendeshwa kwa dizeli, uhai wa mashine hiyo umo katika injini yake. Injini ikifa, akina mama hubeba mahindi vichwani hadi kijiji kingine, na fedha za wanachama zilizonunulia mtambo huo hulala bure.

Kwa sababu hiyo, swali la mafuta ya injini si la fundi peke yake. Ni swali la kamati nzima. Je, chama kinunue mafuta ya bei ya juu kabisa, au yale yanayotimiza kiwango tu yanatosha?

KAZI YA MAFUTA NDANI YA INJINI

Mafuta hufanya kazi nne kubwa. Hulainisha pistoni, ringi na beringi zisisuguane chuma kwa chuma. Huondoa joto. Hubeba masizi na uchafu ili visigande ndani ya injini. Mwisho, hupambana na asidi itokanayo na kuungua kwa dizeli. Kazi hizi zinapoendelea, dawa zilizochanganywa katika mafuta hupungua siku hadi siku. Hakuna mafuta, yawe ya bei gani, yasiyochoka.

MAANA YA KIWANGO

Juu ya kopo huandikwa alama mbili zinazopasa kujulikana na kila mwanakamati. Ya kwanza ni ya uzito, kama vile SAE 40 au 15W-40. Tarakimu ya mwisho huonyesha uzito wa mafuta injini ikiwa moto. Ile yenye herufi W huonyesha jinsi yanavyotiririka wakati wa baridi kali.

Alama ya pili ni ya daraja, inayowekwa na taasisi ya mafuta ya Marekani, API. Herufi S ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Ili mafuta yapewe daraja la sasa hayana budi kushinda majaribio ndani ya injini halisi, ambazo hufunguliwa baadaye na sehemu zake kupimwa zimelika kiasi gani. Kwa hiyo neno "kiwango cha chini" lisidharauliwe: mafuta yaliyoshinda majaribio hayo yamekwisha kuonyesha kuwa yanalinda injini.

Hata hivyo, viwango navyo huzeeka. Daraja CD lilianza mwaka 1955, nalo limekwisha kuwekwa kando. Daraja CI-4 lilitolewa mwaka 2002, na mafuta yake yanaweza kutumika katika injini iliyoandikiwa CD. Kurudi nyuma ndiko kusikofaa: injini iliyoandikiwa CI-4 isitiwe CD.

MAJARIBIO YASEMAVYO

Mwaka 1996 jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa teksi 75 za New York. Kila teksi ilikwenda maili 60,000, yaani kilometa zipatazo 96,000, kwa mafuta ya aina mbalimbali, ya kawaida na ya ghali, yote yakiwa yametimiza kiwango. Injini zilipofunguliwa na kupimwa, haikuonekana tofauti ya maana kati ya mafuta hayo. Lakini teksi hizo zilifanya kazi mfululizo, injini zikiwa moto karibu wakati wote. Jaribio halikuhukumu gari linalowashwa kila asubuhi katika theluji.

Kwa upande mwingine, mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mafuta katika maabara. Mafuta ya sintetiki yalionekana kuwa bora kuliko ya kawaida kwa wastani wa karibu asilimia 50 katika vipimo vilivyotumika, kama vile kustahimili joto na kutiririka kwenye baridi.

Majaribio haya mawili hayapingani. Mafuta ya ghali yana nguvu ya ziada, lakini nguvu hiyo huonekana pale inapohitajika: kwenye baridi kali, kwenye injini mpya zenye turbo, au pale mtengenezaji aliporuhusu muda mrefu kati ya mabadiliko. Injini sahili ya kusagia mahindi aghalabu haiko katika hali hizo.

HESABU YA CHAMA

Tuchukue mfano. Mashine hufanya kazi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani saa 200. Kitabu chake kinaagiza mafuta yabadilishwe kila saa 100, lita 3 kila mara. Kwa mwezi zinahitajika lita 6. Mafuta ya ghali yakiwa na bei mara mbili na nusu, chama kitalipa fedha ambazo zingenunua lita 15 za kawaida. Tofauti ni bei ya lita 9 kwa mwezi, au lita 108 kwa mwaka. Fedha hizo zingetosha kununua machujio mengi.

Hatari huja kamati inapojaribu kufidia gharama hiyo kwa kuchelewesha mabadiliko. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara na la unga huingia kupitia chujio la hewa lililotoboka, nalo husaga ringi na silinda kama msasa. Bei ya mafuta haizuii vumbi. Chujio safi ndilo huzuia.

TAHADHARI TATU

1. Kufaa ni zaidi ya ubora. Pikipiki nyingi hutumia mafuta yaleyale katika injini na klachi. Mafuta ya gari yaliyotengenezwa kupunguza matumizi ya petroli, hata yawe ghali, yanaweza kuifanya klachi iteleze. Pikipiki hizo zitafutiwe mafuta yenye alama JASO MA.

2. Mafuta bandia hayana kiwango chochote. Kopo lililofunguliwa lakiri, au mafuta ya kupima kutoka dumu lisilo na jina, yasinunuliwe. Kopo tupu litobolewe, lisije likajazwa mafuta machafu na kurudi sokoni. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na alama yake ya TBS ni haki ya mnunuzi kuidai.

3. Daftari la mashine litunzwe. Saa za kazi, tarehe ya kubadilisha mafuta na jina la aliyebadilisha viandikwe, na mhesabu mali alikague kama anavyokagua stakabadhi.

HITIMISHO

Chama kisishuke chini ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mashine, wala kisilipie sifa isiyohitajika. Mafuta halali ya daraja linalotakiwa, yakibadilishwa kwa wakati na chujio likiwa safi, yataitunza injini kuliko mafuta ya ghali yaliyosahauliwa ndani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kitabu cha mashine ya chama chenu kinaagiza uzito na daraja gani la mafuta?
2. Mafuta yalibadilishwa lini, na baada ya saa ngapi za kazi?
3. Ni nani mwenye wajibu wa kusafisha chujio la hewa, na nani humkagua?