SERIKALI IKIKOSA PESA, DAFTARI LAKO LA MKOPO LINAJAA

Leo naacha bei za jumla, nazungumzia mapato ya serikali. Usiseme hayakuhusu.

Angalia wateja wako: mwalimu, nesi, mzee wa miaka 70 anaepokea Pensheni Jamii. Pesa zao zinatoka serikalini. Na serikali yetu inazipata wapi? Zamani karafuu, sasa hivi utalii kwa sehemu kubwa. Kikianguka hicho, huduma za jamii zinatikisika.

Elimu bure ilitangazwa Zanzibar 1964, matibabu bure 1965, na karafuu ndiyo iliyobeba mzigo. Miaka ya 1980 bei ikaporomoka, maana Indonesia, mnunuzi mkubwa aliyekuwa akiitia kwenye sigara, ilianza kulima ya kujitosha. Hakuna aliyesimama akasema elimu bure basi. Skuli zilikosa madeski, hospitali zikakosa dawa, halafu taratibu mzazi akaanza kuombwa mchango. Na pesa ya mchango ndiyo hiyo hiyo ya unga na sukari.

Njoo kwenye corona. Mwaka 2019 tulipata watalii zaidi ya 500,000. Mwaka 2020 walikuja karibu nusu yao tu. Watu wa hoteli wakarudi majumbani, shida ikaongezeka wakati ule ule mapato ya serikali yakipungua. Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi haikufutwa, ilibaki pale pale. Lakini tuseme mchele kilo 2,000, mzee anapata kilo 10. Ukifika 2,500, anapata kilo 8. Amekatwa kilo mbili bila ya mtu kutangaza kitu! Mie naona punguzo la namna hii ndilo baya zaidi, kwa sababu hulioni mpaka mzee anapokwambia "niandikie". Baadae ilipandishwa mpaka 50,000, na hesabu ni ile ile: bei zikipanda nayo ikasimama, inaliwa.

Dukani kwangu kila jina kwenye daftari lina herufi. S ni serikali, H hoteli, B biashara yake mwenyewe. H zikizidi nusu, napunguza kiwango cha mkopo kabla ya mvua za masika, wageni wanapopungua. Wazee wa pensheni siwapunguzii, nawauzia vipimo vidogo vidogo.

Bajeti ya SMZ husomwa Baraza la Wawakilishi kabla ya Julai. Ikisomwa, sikiliza pensheni na mishahara, kisha linganisha na bei ya gunia la mchele mwaka jana.

Nyie wenzangu, S ngapi mnazo kwenye daftari?