Shoka Jepesi na Rundo la Kuni: Mafunzo Niliyopata

Njombe, baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Moto wa jikoni huwashwa alfajiri na kuzimwa watu wakienda kulala, na rundo la kuni nyuma ya nyumba hupungua upesi. Miti ipo tele: miwati, milingoti ambayo kwingine huitwa mikaratusi, paina zilizopandwa kila upande, na matawi ya miparachichi yanayopunguzwa baada ya mavuno. Kilicho adimu ni shoka linalomfaa mchanjaji. Katika nyumba nyingi shoka ni moja tu, zito, lililonunuliwa na baba kwa kipimo cha mabega yake, ilhali wanaolishika kila siku ni mama na binti zake.

Ndiyo maana nilipopata shoka jepesi la kiwandani, lenye kichwa cha gramu 700 hivi na mpini wa sentimita 50, niliamua kulijaribu kwa kazi halisi ya nyumbani. Nililiweka kando ya shoka la kilo 2 na shoka la mhunzi wa kijijini, nikakata na kuchanja miti ileile msimu mzima wa baridi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kukata ni kazi moja, kuchanja ni nyingine

Kukata ni kuvuka nyuzi za mti. Kuchanja ni kuzifuata. Shoka jepesi lenye ubapa mwembamba linapendeza kwenye kukata. Unalishusha kwa mshazari, mara upande wa kulia, mara wa kushoto, na vibanzi vinaruka. Mdomo wa mkato ukiwa na upana unaokaribia unene wa gogo, makali hufika katikati bila kubanwa. Matawi ya mparachichi yenye unene wa mkono niliyamaliza upesi kuliko kwa shoka kubwa, kwa sababu kila pigo lilitua palepale nilipolenga.

Kuchanja kunadai umbo la kabari, linalosukuma pande mbili za gogo ziachane. Ubapa mwembamba ukipigwa katikati ya gogo nene huzama na kunasa humo. Gogo la paina lenye unene wa sentimita 15 lilipasuka vizuri kwa shoka dogo. Kwa magogo ya sentimita 25 na zaidi, yenye mafundo, nilirudi kwenye shoka kubwa au kwenye kabari ya chuma na nyundo nzito. Kisogo cha shoka jepesi kisigeuzwe nyundo, wala kisigongwe kwa nyundo. Kuta za tundu la mpini ni nyembamba. Zikitanuka, kichwa hakikazi tena.

2. Uzito una hesabu yake, na kasi ina yake

Nishati ya pigo hukua sambamba na uzito, lakini pia hukua kwa mraba wa kasi. Uzito wa kichwa ukizidishwa mara mbili, nishati huongezeka mara mbili. Kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kichwa cha kilo 2 kikishuka kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde hubeba jouli 100. Kichwa cha gramu 700 kinahitaji karibu mita 17 kwa sekunde ili kibebe kiasi hichohicho. Mkono wa binadamu hauongezi kasi kiasi hicho kwa urahisi, maana mkono nao una uzito wake wa kurushwa. Kwa hiyo pigo moja la shoka jepesi ni dogo kuliko pigo moja la shoka zito, na muuzaji anayesema vinginevyo anapamba biashara.

Lakini kuni za wiki hazichanjwi kwa pigo moja. Kila kilo inayoshuka lazima kwanza ipandishwe, na anayeipandisha ni wewe. Mwanzoni shoka la kilo 2 liliongoza waziwazi. Mabega yalipochoka, mapigo yake yakaanza kutua kando ya mstari, na pigo linalotua kando ni jasho lililomwagika bure. Shoka dogo liliendelea kwa mwendo uleule. Anayetaka kulipima shoka kwa haki aliangalie rundo lililopatikana kufikia jioni.

3. Wepesi si jambo geni kwetu

Shoka la mhunzi nililolitumia limefuliwa kutokana na springi ya gari, chuma kinachopendwa na wahunzi wetu kwa ugumu wake. Ubapa una mkia uliochongoka, na mkia huo hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huusukuma mkia uzame zaidi, hivyo shoka hujikaza lenyewe kadiri linavyofanya kazi. Kwenye la kiwandani mambo ni kinyume: mpini ndio unaopita kwenye tundu la chuma na kukazwa kwa kabari ndogo juu, na usipoangaliwa hulegea.

Kanda zetu zina historia ndefu ya chuma. Wafipa wa Rukwa walikiyeyusha kwenye malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu. Chuma kilipatikana kwa jasho, na shoka la kienyeji linaonyesha heshima hiyo: chuma kidogo, karibu chote kikiwa kwenye makali, na mti ukifanya kazi iliyobaki. Katika kukata, shoka la mhunzi lilikwenda bega kwa bega na la kiwandani. Mpini wake ukivunjika, mwingine unachongwa nyumbani kwa tawi la mpera, bila kusubiri duka la mjini.

4. Usome mti kabla ya kuinua shoka

Aliye na shoka zito anaweza kuulazimisha mti. Aliye na shoka jepesi hana budi kuuelewa, na kuuelewa kunamfaa hata siku atakaposhika shoka kubwa.

Matawi ya paina huota kwa mizunguko, na kati ya mzunguko na mzunguko mti ni laini, hauna fundo. Ukilikata gogo penye mizunguko hiyo, mafundo hubaki ncha za kipande na sehemu ya katikati inafunguka kwa urahisi. Mlingoti una tabia nyingine: nyuzi zake mara nyingi zimejisokota, na ukikauka hugeuka mgumu mno. Uchanje ungali mbichi. Mwati, ambao magome yake yenye tanini ndiyo yaliyosababisha kampuni ya miwati kuanzishwa Njombe mwaka 1949, ulichanjika vizuri kwangu na moto wake ni mkali. Mparachichi ni laini, hukatika upesi na huungua upesi. Unafaa kuwashia kuliko kuivishia maharage.

Angalia pia ncha ya gogo. Likikaa juani kidogo huonyesha nyufa zinazotoka kwenye kiini kuelekea gomeni. Mti wenyewe umeshaanza kupasuka. Weka makali juu ya ufa mmojawapo uuendeleze ulipoishia. Penye fundo, simamisha kipande fundo likiwa chini, upige upande ulio safi.

5. Anza pembeni, kiini kije mwisho

Wachanjaji wengi hulenga katikati ya gogo. Kwa shoka la kilo 2 inawezekana. Kwa shoka dogo ndiyo njia ya kulinasa. Gogo linamenywa kama muhogo: toa ubao mmoja ukingoni, uzunguke, utoe mwingine, mpaka kibaki kiini chembamba kinachopasuka kwa pigo moja. Pembeni nyuzi zina upande wa kukimbilia, hivyo nguvu ndogo inatosha.

Kwa vijiti vya kuwashia moto kuna njia ya utulivu zaidi. Yagusishe makali kwenye ncha ya kijiti, uinue kijiti na shoka pamoja, uvigonge pamoja juu ya kigogo cha kuchanjia. Hakuna kulenga, hakuna kurusha, na vidole viko mbali na makali. Njia hii nimewafundisha wadogo zangu kwanza, kabla ya kuwaruhusu kuinua shoka juu ya bega.

6. Mpini mfupi unadai tahadhari kubwa

Jambo hili nalisisitiza kuliko yote. Shoka la mpini mrefu likikosa gogo, kwa kawaida huishia ardhini mbele yako. La mpini wa sentimita 50 huzunguka karibu na mwili, na likipita gogo, njia yake inaelekea kwenye goti au muundi. Wepesi wake ndio unaomfanya mtu alione salama, naye akajisahau.

Kigogo cha kuchanjia kiwe kipana na kizito, na kipande kikae upande wa mbali, ili shoka likikosa litue kwenye kigogo. Unapochanja vipande vidogo piga magoti: makali yatafika ardhini kabla ya kufika mwilini. Vaa gambuti au viatu vya ngozi, usichanje na ndala. Watoto wasimame mbali, maana banzi la mlingoti mkavu huruka kwa kasi. Kabla ya kazi, likamate shoka kichwa kikitazama chini ulitikise. Kikicheza hata kidogo, kaza kabari kwanza. Kulilowesha shoka majini ili mpini uvimbe kunasaidia kwa muda tu. Ukikauka hunywea, na kichwa hulegea zaidi ya mwanzo.

7. Makali ndiyo nguvu ya shoka jepesi

Shoka zito lililo butu bado linaweza kupasua gogo kwa kuliponda. Jepesi likiwa butu limekwisha kazi. Tofauti kati ya shoka dogo lililonolewa na lisilonolewa niliiona kubwa kuliko tofauti kati ya shoka la gramu 700 na la kilo 2.

Kunoa kwenyewe si kugumu. Tupa hurekebisha mapengo, kisha kinoo chenye maji hulainisha. Kwa kukata, nyuso mbili za makali zikutane kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Pembe kali zaidi ya hiyo humeguka penye fundo gumu. Uwe mwangalifu na mashine ya kunolea ya gereji. Jiwe lake linalozunguka likavu huchemsha chuma, na ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeondoka na hayatadumu. Baada ya kazi futa ubapa, upake mafuta kidogo, uweke shoka pakavu. Usiliache likiwa limechomekwa kwenye kisiki huku umande unashuka.

8. Kuni nyembamba zinaokoa mti na macho

Shoka jepesi lilinizoesha kuchanja vipande vyembamba, na faida ikaonekana jikoni. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Kila kilo ya maji hayo hunyonya takribani megajouli 2.3 za joto ili igeuke mvuke, joto ambalo lingepika ugali. Kuni nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 20. Gome huyazuia maji yasitoke. Gogo likipasuliwa, nyuso za ndani hupata hewa na kukauka haraka zaidi.

Kuni zilizochanjwa nyembamba, zikapangwa kwa kupishana chini ya paa zipitishe upepo, huwaka kwa mwali badala ya kufuka. Moshi unapungua, macho yanapumzika, na kifua cha anayeinama juu ya mafiga kinapata nafuu. Miti inayokatwa kwa mwaka nayo inapungua.

9. Anayechanja ndiye achague shoka

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nautakia heri kwa moyo wote. Lakini kesho asubuhi kuni zitachanjwa, na wengi wa watakaozichanja ni wanawake, kwa shoka ambalo hakuna aliyewauliza kama linawafaa.

Kama nyumba yako inategemea kuni nyembamba, matawi na magogo ya wastani, shoka jepesi lenye makali litafanya sehemu kubwa ya kazi, na kabari moja ya chuma itakusaidia kwa yaliyo manene. Kama kazi yako ni magogo mapana ya mlingoti mkavu kila siku, chukua zito. Vyovyote iwavyo, nenda dukani au kwa mhunzi pamoja na atakayelitumia. Alishike mwisho wa mpini, alinyanyue hadi usawa wa bega na kulishusha polepole, arudie mpaka aone kama mkono unatetemeka. Likimtetemesha akiwa dukani, saa moja baadaye penye kigogo litamhatarisha. Tunapima kiatu kwa mguu wa atakayekivaa. Mama anayechanja kuni za nyumba nzima anastahili kupimiwa shoka lake kwa uangalifu uleule.