Ndege Iliyokosea Kiwanja

Tarehe 18 Desemba 2013, wakati wa mchana, jambo lisilo la kawaida lilitokea katika kiwanja cha ndege cha Arusha. Kiwanja kile ni kidogo, na ndege zilizozoea kushuka pale ni zile ndogo zichukuazo wageni waendao kutazama wanyama. Lakini siku ile ilitokea ndege kubwa sana kutoka Addis Ababa, katika nchi ya Ethiopia, yenye watu zaidi ya 200, nayo ikashuka. Ilikwenda mbio mpaka mwisho wa njia, na ilipogeuka magurudumu yake yakaingia katika udongo laini wenye majani, ikakwama.

Ndege ile haikutazamiwa pale hata kidogo. Ilikuwa ikienda kiwanja kikubwa cha Kilimanjaro, kilicho kati ya Arusha na Moshi, yapata kilometa 50 upande wa mashariki. Njia ya kushukia ya Kilimanjaro ina urefu wa meta 3,600, lakini ile ya Arusha ilikuwa na meta 1,620 tu. Kwa bahati njema hakuna mtu aliyeumia. Walakini pale Arusha hapakuwa na ngazi ndefu ya kufikia milango ya ndege kubwa namna ile, hata abiria wakakaa ndani muda mrefu kabla ya kuteremka. Ndege yenyewe ilirushwa tena baada ya siku chache, ikiwa haina abiria.

Yawezekanaje watu waliofundishwa vizuri, wenye dira na vyombo vya kila namna, wapotee hivyo? Yafaa kwanza kujua jinsi kiwanja kinavyoonekana kutoka juu. Kwa mbali, njia ya kushukia ni mstari mwembamba tu, na mstari mmoja hufanana sana na mwingine. Kila njia huandikwa namba kubwa mwishoni mwake, na namba hizo hutokana na dira. Dira imegawanywa sehemu 360. Mashariki ni 90, na magharibi ni 270. Hesabu hiyo hugawanywa kwa 10, kwa hiyo ndege ishukayo ikielekea mashariki huona 09, na ielekeayo magharibi huona 27. Basi njia ya Arusha na njia ya Kilimanjaro zote mbili zimelala mashariki na magharibi, na namba zake ni zile zile.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, usiku wa tarehe 20 Novemba 2013, kosa kama hilo lilitokea Marekani, karibu na mji wa Wichita, katika jimbo la Kansas. Ndege moja kubwa mno, ambayo tumbo lake lilipanuliwa ili ichukue vipande vya ndege nyingine, ilikuwa ikienda kiwanja cha jeshi kiitwacho McConnell. Ilitoka kaskazini. Kabla ya kufika McConnell, karibu na mstari ule ule wa safari, vipo viwanja vingine vidogo. Marubani waliona taa za njia zikiwaka mbele yao. Wakaacha kufuata vyombo, wakayaamini macho yao, wakashuka.

Walipokwisha kusimama, mwongozaji wa ndege aliyekuwa katika mnara wa McConnell hakuiona ndege yo yote. Rubani akasema naye kwa redio, na katika mazungumzo yale ikajulikana kwamba ndege imo katika kiwanja kingine. Hata hapo rubani alidhani kwanza kwamba yuko katika kiwanja kiitwacho Beech, na hakuwako huko pia. Alikuwa Jabara, yapata kilometa 14 kaskazini ya McConnell. Njia ya Jabara ilikuwa na meta 1,860 hivi, karibu nusu ya ile ya McConnell. Wengi waliogopa kwamba ndege haitaweza kuruka tena. Lakini siku ya pili yake iligeuzwa kwa gari la kuvutia, ikaruka salama.

Kosa la namna hii si la kuchekwa. Usiku wa tarehe 12 Januari 2014, ndege yenye abiria 124, iliyokuwa ikienda Branson katika jimbo la Missouri, ilishuka katika kiwanja kidogo cha jirani, ambacho njia yake ilikuwa na meta 1,140 tu. Marubani walipotambua ufupi wa njia walifunga breki kwa nguvu zote, na ndege ikasimama karibu sana na mwisho wake. Mbele ya pale palikuwa na mteremko mkali, na chini yake barabara kuu ya magari.

Mzizi wa makosa haya ni mmoja. Mtu anayetafuta kitu kwa hamu huwa tayari kukiona hata mahali kisipokuwapo. Rubani atafutaye njia ya kushukia, akiona njia yo yote mbele yake, moyo wake humwambia, "Ndiyo hiyo." Tangu hapo hazingatii tena dalili zinazomkanusha. Wahenga walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Lakini rubani mwenye macho mazuri yampasa kuambiwa tazama: tazama dira, tazama ramani, tazama umbali uliobaki.

Baadaye wakuu wa Marekani wachunguzao ajali walitoa shauri jema. Walisema kwamba mwongozaji aliye mnarani asimpe rubani ruhusa ya kushuka mpaka ndege imekwisha kupita viwanja vingine vyote viwezavyo kumdanganya. Pia walisisitiza kwamba marubani watumie vyombo vyao kuhakikisha kile wakionacho kwa macho, hata hewa ikiwa safi na taa zikionekana wazi.

Zamani jina la rubani lilikuwa la yule aongozaye chombo baharini kati ya miamba mpaka bandarini. Rubani wa angani naye hana ruhusa ya kusema "nadhani" anapokaribia nchi kavu. Akiwa na shaka, na aulize. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Ndege ya Ethiopia ilikuwa ikienda wapi, nayo ilishuka wapi?
2. Namba 09 na 27 zina maana gani katika njia ya kushukia?
3. Kwa nini marubani waliokuwa wakienda McConnell walishuka Jabara?
4. Kosa la Branson lilikuwa na hatari gani?
5. Eleza shauri lililotolewa na wakuu wa Marekani.