Mafunzo Niliyopata Katika Kuandika Antibiotiki

Nimestaafu baada ya kuhudumu miaka mingi katika kliniki ya wagonjwa wa nje, magharibi mwa Nairobi, tukipokea watu wa Satellite, Riruta na Kawangware. Wewe unayeanza kazi hii unataka kuwa tabibu wa kuaminika. Haya ndiyo yaliyonifunza.

1. Hesabu pumzi kabla ya kushika kalamu

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka miwili akikohoa, akaomba "dawa kali". Nilimvua mtoto shati, nikahesabu pumzi dakika nzima mama akitazama. Zilikuwa 32, na kifua hakikuwa kikibonyea. Nikamweleza kuwa kwa umri huo nimonia hushukiwa zikifika 40. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, zikifika 50. Nilitarajia abishe. Akasema, "Daktari, hakuna aliyewahi kumhesabia." Akaondoka bila antibiotiki, ameridhika. Anayeomba dawa kali mara nyingi anaomba kupimwa vizuri.

2. Usitibu karatasi

Fundi mmoja kijana alikuja na matokeo ya maabara: kipimo cha Widal chanya, eti taifodi kwa mara nyingine tena. Nilipomhoji taratibu, alikuwa na uchovu na maumivu ya kichwa, wala hakuwa ameshikwa na homa. Kipimo hicho cha mwaka 1896 husoma kingamwili, nazo huweza kubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani. Taifodi ya kweli ipo jijini: watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), akiwemo Samuel Kariuki, wamekuta katika mtaa wa Kibera bakteria wake walio sugu kwa dawa kadhaa. Kwa hiyo ukiishuku, peleka damu ioteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza. Antibiotiki kama siprofloksasini ikitolewa ovyo leo, haitamsaidia anayeihitaji kesho.

3. Uliza bei

Mzee mmoja alinionyesha antibiotiki iitwayo sefuroksimu aliyoandikiwa kwingine. Alikuwa amenunua vidonge vya siku mbili tu. Pesa ziliishia hapo. Shirika la Afya Duniani huiweka dawa hiyo katika kundi la antibiotiki za kutumiwa kwa uangalifu, na amoksilini katika kundi la kutumika kwanza. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kundi hilo la kwanza lifikie angalau asilimia 70 ya matumizi ya antibiotiki kwa binadamu duniani ifikapo 2030. Kwa mzee huyu, amoksilini ilifaa ugonjwa wake na mfuko wake, akaimaliza.

4. Mpe mgonjwa njia ya kurudi

Mwanamke mwenye kikohozi nilimrudisha nyumbani bila antibiotiki, nikimtajia dalili za hatari: kupumua kwa shida, homa isiyoshuka, kushindwa kunywa. Alirudi mapema, akihema. Sasa ilikuwa nimonia; tukaanza dawa papo hapo, akapona. Kilichonishangaza ni kwamba hakulalamika. Alisema alijua la kutazamia na mlango wa kurudia. Ukimpa mgonjwa hayo mawili, utakuwa na haki ya kumwambia, "Leo huhitaji antibiotiki," naye atakuamini.