Video naielewa, swali linanishinda

SWALI: Niko kidato cha tatu. Natazama video fupi za aljebra na trigonometria kwenye simu ya mama na kila hatua naielewa. Nikibaki na daftari peke yangu, nakwama. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, anayefanya hesabu kwenye video ni mwalimu, wewe unamfuata tu. Salman Khan, mwalimu wa masomo ya mtandaoni, alipoanza kuweka masomo yake YouTube mwaka 2006, faida kubwa ilikuwa kwamba mwanafunzi anaweza kumsimamisha mwalimu. Nawe msimamishe.

Swali likishaandikwa, mfano (x + 3)², simamisha video ujibu kwanza kwa kalamu. Wengi huandika x² + 9. Ukiendelea kutazama utakuta x² + 6x + 9, na hapo utataka kweli kujua 6x imetoka wapi: ni 3x na 3x nyingine, kwa sababu mabano yanazidishwa na mabano. Kosa usilifute, lizungushie duara.

Kwenye trigonometria, chora. Chukua pembetatu yenye pande tatu sawa, kila moja sm 2, uikate katikati kutoka kileleni hadi kitakoni. Nusu moja ina pande 1, √3 na 2. Pembe ya kileleni sasa ni 30°: sini yake ni 1/2, kosini yake √3/2, na zote mbili umezisoma kwenye mchoro wako bila kukariri.

Video moja kwa siku inatosha. Kesho yake, kabla ya kufungua nyingine, rudia maswali ya jana huku simu ikiwa kwa mama.