KADI ADIMU ZA MAMILIONI: WAPI BIASHARA INAKOMA NA KAMARI INAANZA?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anaishi Uingereza na familia yake, ameniletea swali ambalo mwanzoni nilitaka kulijibu kwa sentensi moja. Mwanawe wa miaka 12 alichukua pesa zake za Idd akanunua pakiti ya kadi za Pokémon. Ndani yake ikatoka kadi moja adimu, na mwenye duka akamwambia palepale kuwa yuko tayari kuinunua kwa pauni 200. “Sheikh,” ameandika rafiki yangu, “nimemwambia asubiri nikuulize kwanza. Akiiuza, pesa hiyo ni halali? Na pakiti nyingine anazozitaka, nimruhusu?”

Jibu lililonijia haraka ni kuwa hiyo ni kamari, aiepuke. Nikajizuia. Wanachuoni wa usul wanatufundisha kuwa mtu hawezi kukihukumu kitu kabla hajakielewa, na mimi kadi hizi nilikuwa nazijua kwa kuzisikia tu. Kwa hiyo kabla ya hukumu tuangalie kwanza jambo lenyewe.

Kadi hizi si karata. Ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji au ya kiumbe wa kubuni, ambavyo watu hukusanya, hubadilishana na kuuziana. Zilianza kama chambo cha biashara nyingine. Huko Marekani, kati ya mwaka 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ilitia ndani ya pakiti za sigara kadi za wachezaji wa besiboli. Miongoni mwao alikuwemo Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh, ambaye kadi yake iliacha kuchapishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya picha yake, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Kwa vyovyote, kadi zake zinazojulikana leo ni kama 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Baada ya sigara ikaja jojo. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa kadi ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Sehemu ya kadi za mwaka huo haikupata wanunuzi, na mwaka 1960 mtumishi wa kampuni, Sy Berger, akazipakia kwenye mashua na kwenda kuzitupa baharini ili kupata nafasi ghalani. Agosti 2022 kadi moja ya Mantle ya mwaka huo ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Agosti 2025 rekodi hiyo nayo ikavunjwa na kadi yenye saini za Michael Jordan na Kobe Bryant, iliyouzwa kwa dola milioni 12.9.

Msomaji atauliza: karatasi iweje na thamani hiyo? Naomba tusiharakishe kucheka. Sharia haikuweka ukomo wa bei ya kitu halali. Watu walipomuomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei wakati vitu vilipopanda Madina, hakukubali, akalirejesha jambo hilo kwa Allah (s.w.). Kadi ni mali, inamilikiwa, inaonekana, inakabidhiwa. Ukiiona, ukaikagua, mkakubaliana bei kwa ridhaa, hapo pana uuzaji wa kawaida. Anayetoa dola milioni 12 kwa kadi huku jirani yake hana dawa atajibu kuhusu israfu mbele ya Mola wake, lakini israfu ya mnunuzi haiufanyi mkataba kuwa kamari. Hali kadhalika kubadilishana kadi moja kwa mbili, au kadi na pesa juu, hakuna riba ndani yake, kwani kadi si dhahabu, fedha wala chakula. Logan Paul, Mmarekani maarufu wa intaneti, alifanya hivyo mwaka 2021. Alitoa kadi yenye thamani ya dola milioni 1.275 na kuongeza dola milioni 4 taslimu ili apate kadi ya Pikachu Illustrator iliyo katika hali bora zaidi. Ni kadi iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 kama zawadi kwa washindi wa mashindano ya uchoraji ya gazeti moja la watoto la Japani. Ama suala la picha, ikhtilafu yake ni ndefu na ina mahali pake.

Tatizo liko kwenye pakiti.

Mtoto anapotoa pesa dukani hanunui kadi anayoiona. Ananunua pakiti iliyofungwa ambayo yeye hajui, na mara nyingi hata muuzaji hajui, ndani yake mna nini. Nyingi ya kadi zake hazina bei ya maana. Chache sana ndizo kila mtu anazozitafuta. Waislamu wa kale waliijua biashara ya namna hii kwa sura nyingine. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza uuzaji wa mulamasa, yaani mtu kununua nguo kwa kuigusa tu bila kuikunjua na kuiona. Aidha katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), amekataza uuzaji wa kokoto na uuzaji wa gharar. Uuzaji wa kokoto, katika moja ya tafsiri zake, ni kurusha kijiwe juu ya bidhaa, na kile kitakachoangukiwa ndicho ulichonunua kwa bei mliyokwisha kukubaliana. Ukiitazama pakiti ya kadi kwa jicho hilo utaona kokoto imeingizwa ndani ya karatasi inayong’aa.

Na siku hizi uadimu hausubiri tena bahari imeze kadi zilizobaki. Unatengenezwa kiwandani kwa makusudi. Mwaka 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, watengenezaji wa mchezo wa Magic, ilichapisha kadi moja tu duniani ya pete ya hadithi ya The Lord of the Rings, ikaitia katika pakiti mojawapo kati ya zote zilizopelekwa madukani ulimwenguni. Kabla haijaonekana, wafanyabiashara walishatangaza kuinunua kwa zaidi ya dola milioni moja. Ikatoka kwa mtu mmoja huko Kanada, na mwanamuziki Post Malone akainunua kwa dola milioni 2. Nani asiyeelewa kuwa wengi waliokimbilia pakiti zile, ambazo hazikuwa rahisi, hawakuwa wakinunua karatasi? Walikuwa wakinunua nafasi ya kupata. Kulipa pesa ili upate nafasi, mmoja afaidike na wengi wapoteze, ndiyo maysir iliyotajwa pamoja na ulevi katika Surat al-Maida aya ya 90.

Asidhani msomaji kuwa hili ni wazo la masheikh tu. Miaka ya 1990 wazazi na wateja wa Marekani waliyashitaki makampuni ya kadi wakidai kuwa kadi adimu zinazotiwa kwa bahati ndani ya pakiti ni kamari isiyo halali. Mwaka 1999 kesi kama hiyo ilifunguliwa huko California dhidi ya Nintendo na wenzake kuhusu Pokémon. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikawakatalia walalamikaji. Hoja yake ni kuwa mnunuzi hakupata hasara kisheria, kwani alipolipa alipata alichokilipia, yaani kadi kadhaa ambazo mojawapo huenda ikawa ile adimu. Nilipoisoma hoja hii nilistaajabu, kwa sababu “huenda” hiyo ambayo kwa mahakama ni sehemu ya bidhaa, kwetu ndiyo gharar yenyewe.

Hapa nina neno kwa Waislamu wenzangu. Mwaka 2001 wanachuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuikataza Pokémon, na moja ya sababu zao kubwa ilikuwa kamari, kwa vile watoto walikuwa wakishindania kadi na mshindi kuchukua ya mwenzake. Hiyo ni hoja nzito. Sisi wenyewe tunawaona watoto mitaani wakicheza gololi, mmoja akaondoka na gololi za wote, na tunapita bila kusema neno. Lakini ni kitu gani kilichoenea misikitini na mashuleni wakati ule? Vikaratasi vilivyodai kuwa jina Pokémon kwa Kijapani lina maana ya “mimi ni Yahudi”. Si kweli. Jina hilo limefupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “viumbe wa mfukoni”. Mtoto aliyeambiwa uongo ule, siku alipojua ukweli, aliutupa pamoja nao na mwiko wa kamari. Tulikuwa na dalili za Qur’an na Sunna mkononi, tukaziacha tukachukua uvumi! Nimekutana na vijana wa umri huo chuoni na bado wanatucheka.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo lazima itendewe haki. Wapo wasemao kuwa mtoto anataka kadi zozote acheze nazo, na ile adimu ikitoka ni kama zawadi iliyomo ndani ya boksi la sabuni. Sheikh Muhammad ibn Salih al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alijuzisha zawadi za namna hiyo kwa masharti mawili: bei ya bidhaa iwe ileile ya kawaida, na mnunuzi awe anaihitaji bidhaa yenyewe na si kufuata zawadi. Kwa masharti haya, mtoto anayenunua pakiti moja ya bei ndogo ili acheze na nduguze, asiyejua wala kujali bei za mnadani, jambo lake ni jepesi zaidi. Tatizo ni kuwa mtoto huyo leo ni nadra. Mtoto wa miaka 12 anaangalia bei kwenye simu kabla hajaichana pakiti.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kuwa nje ya pakiti hakuna ubaya. Wapo wauzaji wanaopima pakiti kwa mizani, kwa kuwa katika baadhi ya matoleo kadi inayong’aa ni nzito kidogo. Nzito wanazibakisha wao, nyepesi wanakuuzia wewe kwa bei ileile. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini yake unyevu, alimkemea mwenye nafaka na kujitenga na mwenye kughushi. Huyu wa mizani ana tofauti gani na yule?

Ili kuondoa shaka kama hizo, yapo makampuni yanayokagua kadi, kuipa daraja kati ya 1 na 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa msingi wake ni jambo zuri, linapunguza kutojua. Kampuni ya PSA ilipoanza mwaka 1991, kadi yake ya kwanza kuipa daraja ilikuwa ya Honus Wagner, na ikaipa 8. Kadi hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka huohuo na mchezaji Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mfalme wa minada ya bidhaa hizi, alikiri kuwa miaka mingi nyuma aliipunguza kingo kadi hiyo kwa kuikata ili ionekane mpya. Alikiri pia kuwa katika minada yake zilitolewa bei za uongo ili kuwapandisha wanunuzi. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Kukata kingo ni ghishi. Kupandisha bei bila nia ya kununua ni najshi, iliyokatazwa katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.). Mnada wenyewe wanachuoni wengi wameujuzisha, uovu ni wa watu hawa wa pembeni.

Nirudi kwa rafiki yangu. Nimemjibu kuwa mwanawe alinunua kabla hajafundishwa, na Qur’an katika Surat al-Baqara aya ya 275 imemwachia yaliyopita mtu aliyefikiwa na mawaidha akaacha, nalo ni katika jambo kubwa la riba. Kadi aiuze. Lakini asiiuze mtoto. Katika madhehebu yetu ya Shafii uuzaji wa mtoto asiyebaleghe hausihi hata akiruhusiwa, hivyo baba ndiye atakayesimama na muuzaji, na pesa zitabaki kuwa mali ya mtoto. Pakiti nyingine asimnunulie. Akitaka kadi fulani, aende dukani ainunue hiyohiyo, aione mbele yake na aijue bei yake.

Akauliza tena, maana yeye mwenyewe ameanza kuingiwa na hamu ya kununua kadi moja moja na kuziuza: zaka je? Kadi unazozikusanya kwa kuzipenda hazina zaka. Ulizozinunua kwa nia ya kuuza ni bidhaa za biashara. Mwaka ukitimia utazithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si ile uliyonunulia, na zikifikia nisabu utatoa asilimia 2.5. Kwa wanaofuata kipimo cha dhahabu, nisabu ni gramu 85.

Jana ameniandikia kuwa kadi imeuzwa. Kijana anauliza kama anaweza kubaki na zile nyingine tisa zilizokuwemo kwenye pakiti. Nimemwambia abaki nazo, ila asizichezee za kuliana.

Wallahu a’lam.