Mwaka Mzima wa Jukwaa: Namna ya Kuufaidi Mji Unapoialika Dunia

Mwishoni mwa Januari 2016, wakati wa baridi kali kando ya Ziwa Michigan, waigizaji wa Ukumbi wa Pushkin wa Moscow walipanda jukwaani jijini Chicago wakiwa na tamthilia ya Shakespeare iitwayo Measure for Measure, kisa cha mtawala mkali anayenaswa na sheria aliyoikazia mwenyewe. Waliigiza kwa Kirusi, huku tafsiri ya Kiingereza ikiangazwa kwa maandishi ili wenyeji wafuatilie. Walikaa siku chache, wakafunga mizigo. Mkazi wa Chicago aliyepata habari zao Februari alikuwa amekwisha kulikosa onyesho ambalo angelifuata hadi Ulaya kwa nauli ya ndege.

Onyesho lile lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo katika Shakespeare 400 Chicago, mpango ulioujaza mwaka mzima wa 2016 kwa kumbukumbu ya miaka 400 tangu Shakespeare afariki Aprili 1616. Yalipangwa matukio zaidi ya 800: michezo ya kuigiza, opera, muziki, maonyesho ya vitabu vya kale, mihadhara, hata vyakula. Mipango ya namna hii hufanyika katika miji mingi, na Waswahili wanaoishi katika miji hiyo ni wengi. Hata hivyo, wengi wao huiona kupitia mabango ya kituo cha basi tu, wakidhani ni mambo ya wenyewe. Hapa nitaeleza mlango wake uko wapi na unafunguliwaje.

Kwanza, ufahamu unavyojengwa. Mtu hudhani kuna ofisi moja inayoendesha kila kitu na kuuza tiketi zote. Sivyo. Huwapo taasisi moja inayoshika usukani, na kule Chicago ilikuwa Chicago Shakespeare Theater, kundi lililoanza mwaka 1986 juu ya paa la baa, kisha mwaka 1999 likahamia kwenye ukumbi wake pale Navy Pier, gati refu linaloingia ziwani. Taasisi hiyo hualika makundi ya nje na kuwashawishi majirani zake wapange kazi zao kuelekea jambo moja. Nyumba ya opera, Lyric Opera, ikaleta opera ya Gounod kuhusu Romeo na Juliet kati ya Februari na Machi. Okestra ya jiji, Chicago Symphony, ikapiga Falstaff ya Verdi mwezi Aprili, ikiongozwa na Riccardo Muti. Maktaba ya Newberry ikaandaa maonyesho ya vitabu na nyaraka. Kila mmoja alitumia ukumbi wake na wafanyakazi wake, na akauza tiketi zake mwenyewe.

Jambo hilo lina matokeo ya moja kwa moja kwako wewe mtazamaji. Tiketi ikiisha dirisha moja, haina maana mpango mzima umejaa. Punguzo la mwanafunzi linalotolewa na ukumbi mmoja huenda lisitambuliwe na mwingine. Na kalenda kuu inayotangazwa mwanzoni mwa mwaka huwa haijakamilika, kwa sababu washirika wadogo, kama vile makanisa, maktaba za mitaa na vyuo, huongeza shughuli zao baadaye. Jiandikishe upate barua pepe za yule mshika usukani, halafu chagua washirika wawili au watatu walio karibu na kwako na ufuatilie kalenda zao moja kwa moja. Mimi huandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Simu ina mengi ya kukumbusha, na kikumbusho cha tamthilia hupotea kati ya kodi ya nyumba na miadi ya daktari.

Ukishapata kalenda, anza na wageni. Kundi la nyumbani huigiza mchezo mmoja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ukikosa Jumamosi hii utaukuta Jumamosi ijayo. Kundi lililotoka ng'ambo lina viza ya muda, hoteli inayolipiwa kwa usiku, na safari ya mji unaofuata. Mwezi Februari Chicago ilipokea Belarus Free Theatre, kundi ambalo nchini kwake lilipigwa marufuku na likalazimika kuigiza kwa kificho. Lilikuja na King Lear kwa Kibelarusi. Mwezi Julai lilikuja kundi kutoka Mumbai na Piya Behrupiya, tamthilia ya Twelfth Night iliyogeuzwa kuwa Kihindi, yenye nyimbo tele. Agosti ikawa zamu ya ukumbi wa Globe wa London na The Merchant of Venice, Jonathan Pryce akiwa Shylock, yule mkopeshaji wa fedha. Hao ndio wa kuwakatia tiketi mapema. Wa nyumbani wanaweza kungoja mshahara.

Angalia pia makundi hayo yalikotokea. King Lear ya Wabelarusi na ile tamthilia ya Mumbai zote zilikuwa zimeonekana London mwaka 2012, kwenye tamasha la Globe to Globe, lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37 ndani ya wiki sita. Kazi nzuri ya jukwaani husafiri. Ukisikia sifa za onyesho lililokupita katika mji mwingine, andika jina la kundi na ulifuatilie. Baada ya miaka michache laweza kufika karibu nawe.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na hapa naomba nikae kidogo. Kati ya zile lugha 37 mojawapo ilikuwa Kiswahili. Aprili 2012, waigizaji wa Afrika Mashariki walisimama kwenye jukwaa la Globe, kando ya mto Thames, na kuigiza The Merry Wives of Windsor kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Mrisho Mpoto, malenga wetu wa Mjomba, ndiye aliyekuwa Falstaff, yule mzee mnene anayejidhania mjanja wa mapenzi mpaka wanawake wawili wanamtia kwenye kapu la nguo chafu akatupwe mtoni. Siku hizo, mtu wa Kariakoo au Likoni aliyekuwa London alielewa utani wa jukwaani kabla ya Mwingereza aliyeketi pembeni yake, maana katika tamasha lile skrini zilitoa muhtasari wa kila onyesho tu na si tafsiri ya kila neno.

Kwa hiyo usiogope lugha ya kigeni. Kuna hali mbili, na ni vema uulize dirishani kabla ya kulipa. Katika kumbi nyingi, opera hasa, tafsiri ya mstari kwa mstari huangazwa juu ya jukwaa. Hapo usikate kiti cha safu ya kwanza kabisa, kwa kuwa utaumia shingo ukipandisha na kushusha macho. Kaa katikati au kwenye ghorofa, maandishi na sura za waigizaji vionekane pamoja. Kwingine, kama kule London, hupewi zaidi ya muhtasari. Hapo sharti ujue kisa kabla hujaingia.

Na kisa tunacho nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alitafsiri Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963 na kutoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice. Litazame hilo neno la kwanza. Angeweza kusema wafanyabiashara, au matajiri. Alisema mabepari, katika miaka ya mwanzo kabisa ya Azimio la Arusha, na jina likawa maoni. S. S. Mushi naye alitupa Makbeth na Tufani katika miaka hiyohiyo. Mswahili aliyeingia pale Navy Pier Agosti 2016 akiwa amesoma Mabepari wa Venisi alikuwa na mambo mawili mkononi: kisa chenyewe, na swali ambalo huenda jirani yake hakulifikiria, yaani kama Shylock ndiye bepari mwenyewe au ni mwathirika wa mabepari. Kabla ya kwenda kutazama tamthilia yoyote maarufu, tafuta kwanza kama ipo kwa Kiswahili. Kama haipo, soma muhtasari wa ukurasa mmoja, umsimulie mtu kwa Kiswahili mezani. Ukiweza kuisimulia, utaifuata hata kwa Kirusi.

Sasa fedha. Bei inayotangazwa kwenye bango mara nyingi si ya chini kabisa. Kumbi nyingi huweka kando tiketi za siku ileile, za vijana, za wanafunzi, au zile zilizorudishwa na watu waliopata dharura, na aghalabu hazisemwi mpaka uulize. Ukumbi wa Globe una uwanja usio na paa unaopokea watu wapatao 700 wakiwa wamesimama, na mwaka 2012 nafasi hiyo iliuzwa pauni 5. Kusimama saa tatu kunachosha, na mvua ikinyesha mwavuli hauruhusiwi, lakini uko hatua mbili kutoka kwa mwigizaji. Nenda na koti la mvua na viatu vya chini.

Jihadhari na kiti rahisi kupita kiasi. Niliwahi kununua tiketi iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwamba kiti kina kizuizi cha macho, nikadhani ni kichwa cha mtu. Ilikuwa nguzo ya chuma. Mfalme alifia upande wa pili nami nikamsikia tu. Ukiona maneno hayo, uliza kinachozuiliwa ni nini. Na kama unaishi karibu, nunua dirishani badala ya mtandaoni, kwani ada za huduma za mtandaoni zikijumlishwa kwa familia ya watu watano hufikia bei ya tiketi nyingine.

Anayetaka kusafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa ajili ya mwaka kama huo asifunge safari kwa onyesho moja. Achague wiki mbili ambazo mambo yamesongamana, apate viza kwanza, kisha ndipo anunue tiketi zisizorudishwa pesa. Onyesho la kundi la nje laweza kuahirishwa hata kwa sababu waigizaji wenyewe wamenyimwa viza.

Uliza pia urefu. Mwaka ule Barbara Gaines, mwanzilishi wa ukumbi wa Navy Pier, aliunganisha tamthilia za wafalme wa Uingereza katika kazi iitwayo Tug of War, na sehemu yake moja ilichukua kama saa sita pamoja na mapumziko. Kwa anayependa ni sikukuu. Kwa mwenye mtoto wa miaka minane ni adhabu, kwake na kwa waliomzunguka.

Mtoto mpeleke bustanini. Kuanzia 2012 ukumbi huo ulikuwa ukipeleka igizo fupi bila kiingilio kwenye bustani za mitaa ya Chicago wakati wa kiangazi, kwa lori linalofunguka kuwa jukwaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya mpango wowote wa sanaa, maana lori lilimfuata mama wa mtaa wa kusini mwa jiji ambaye hakuwahi kukanyaga Navy Pier. Ukipata igizo la namna hiyo, fika saa moja kabla, na mkeka na maji, ukae mbele ya kipaza sauti na si pembeni yake. Mtoto akichoka anakimbia nyasini, na hakuna atakayekukodolea macho.

Kwa mwenye kutaka zaidi ya kutazama, kuna kazi ya kujitolea: kupokea wageni mlangoni, kuelekeza watu, kutafsiri. Mipango ya mwaka mzima huhitaji mikono mingi, na anayejua Kiswahili, Kiingereza na labda Kiarabu au Kifaransa hutafutwa. Omba mapema, miezi kadhaa kabla ya ufunguzi, wakati orodha bado iko wazi.

Nafasi hizi zinaendelea. Umoja wa Ulaya huchagua miji ya kuwa makao makuu ya utamaduni kila mwaka, utaratibu ulioanzia Athens mwaka 1985 kwa wazo la Melina Mercouri, mwigizaji aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki. Mwaka 2026 ni zamu ya Oulu ya Finland na Trenčín ya Slovakia, na 2027 ni Liepāja ya Latvia na Évora ya Ureno. Ni miji midogo kuliko Chicago au London, ambako vyumba vya wageni huweza kujaa kabla ya kumbi. Ukikosa kitanda, lala mji wa jirani na uulize kwanza treni ya mwisho inaondoka saa ngapi, kwani maonyesho ya jioni mara nyingi huisha baada ya saa nne usiku.

Huko Chicago, maonyesho ya Maktaba ya Newberry yalibaki wazi bila kiingilio hadi siku ya mwisho ya mwaka. Yalipofungwa, maktaba yenyewe haikufungwa. Mtu mzima yeyote anaweza kuomba kadi ya msomaji bila malipo, akaketi kwenye chumba chake cha kusomea na kuletewa mezani kitabu cha kale. Nenda asubuhi siku ambayo chumba hicho kimefunguliwa, ubebe kitambulisho chenye picha na penseli, maana wino hauruhusiwi karibu na vitabu hivyo.